Bosi anataka nimalizie digrii ya hoteli na utalii onlaini, mume anataka tupaue nyumba

Shikamoo Anti,

Naomba usitaje jina langu wala hoteli maana Mwanza tunajuana, ukisema tu "mdada wa risepsheni Capripoint" kuna watu washaanza kuhesabu vidole.

Nina miaka 33, nina mume na watoto wawili, wa kwanza yuko darasa la tatu na mdogo ana miaka mitatu. Tunakaa Buhongwa kwenye nyumba yetu wenyewe, ila kiukweli tumehamia kabla haijaisha, vyumba viwili ndo vina bati, upande wa pili ni kuta tu na mbao za kupaulia zimelazwa hapo nje zinanyeshewa. Mume wangu ni fundi wa injini za boti pale Kirumba, anajituma, hanywi, sina la kumsema kwa hilo.

Kazini ni mwaka wa tisa. Nilianza hauskipingi kutandika vitanda, nikahamishiwa risepsheni, sasa hivi ni supavaiza. Wageni wetu ni mchanganyiko, watu wa migodini Geita, watu wa semina, timu za mpira zikija kucheza Kirumba, na watalii wanaolala usiku mmoja asubuhi waende Serengeti kupitia Ndabaka. Kupanga shifti ni mimi, mgeni akigomba ni mimi, kufunga hesabu za siku usiku ni mimi.

Sasa Anti historia yenyewe iko hivi. Mwaka 2012 nilianza digrii ya hoteli na utalii, nikasoma miaka miwili na matokeo yangu yalikuwa mazuri tu. 2014 baba akapata stroku, yani ada yote na ng'ombe zilizokuwepo zikaishia kwenye matibabu, mimi ndo mkubwa nikarudi kumuuguza. Baba alifariki mwaka uliofuata. Chuo sikurudi tena, nikatafuta kazi nikijiambia ni ya muda, muda wenyewe ndo huu.

Mwaka jana meneja msaidizi aliacha kazi. Nikashikilia nafasi yake miezi kadhaa kwa mshahara uleule, nikawa na uhakika kabisa ni yangu. Wakaleta kijana kutoka Dar, ana miaka 26, ana digrii. Mstaarabu, simchukii, ila mimi ndo nimemfundisha mfumo wa booking. Wiki ya kwanza tu tuko naye usiku saa nane hesabu hazibalansi, yeye yuko na laptop anazunguka kwenye maeksel, mimi nikavuta lile boksi la slipu za mgahawa nikapekua, nikakuta bili ya chakula ya kikundi cha watu kumi na nne imepostiwa chumba 112 badala ya 121. Akaniambia "dada umejuaje?" Nikamwambia mgeni wa 112 ni mzee mmoja mfungaji, hata chai hajanywa tangu afike. Tukacheka. Lakini mwisho wa mwezi yeye anapokea karibu mara mbili yangu.

Nikaenda kwa mama mwenye hoteli nikamweleza. Akanisikiliza vizuri tu, akasema "mwanangu kazi unaijua kunizidi, lakini haya mashirika tunayosaini nayo mikataba yanaomba CV za mameneja, nitawapa nini? Malizia digrii yako, soma onlaini hukuhuku, mimi nitakulipia nusu ya ada, ukimaliza nakupa umeneja msaidizi. Ila tuandikishane ukae na mimi miaka mitano." Nilitoka ofisini nimefurahi, kwenye daladala ndo nikaanza kuhesabu hiyo nusu nyingine inatoka wapi.

Inatoka kwenye kikoba. Desemba tunavunja na mimi nategemea kama milioni mbili na kitu. Hiyo hela mume wangu tayari ameshaipaua kichwani. Nilipomwambia habari za chuo akaniuliza "digrii ya kwenye simu?" halafu akanyamaza, na yeye akinyamaza ni mbaya kuliko akigomba. Siku nyingine akasema "saa nne usiku uko kazini, saa tano utakuwa kwenye diskasheni na wanaume, mimi mke nitamuona lini". Mama mkwe anayenisaidia watoto nikiwa shifti ya usiku na yeye akadakia "nimelea wangu saba, sasa nitalea wa msomi".

Halafu kuna chuo cha nje nilijaza fomu yao mtandaoni, kuna wakala wao ananipigia WhatsApp kila siku mpaka sauti yake nishaizoea. Anasema miezi 18 tu, hakuna mtihani, uzoefu wangu wa kazi watauhesabu kama masomo. Ada dola 2,900 ila nikilipa kabla ya mwisho wa mwezi huu ni 1,900. Rafiki yangu ananiambia nenda Chuo Kikuu Huria, mwingine anasema achana na digrii, na umri huu unamsomea nani.

Anti ukweli wangu ni huu. Kuna usiku nilikuwa risepsheni kumetulia, nikafungua somo la bure la namna ya kupanga bei za vyumba kwa msimu, simu nimeiweka chini ya kaunta sikio moja lina earphone. Kumbe kile ninachofanyaga siku zote, kushusha bei jumamosi hoteli ikiwa tupu na kukaza wiki ya semina, ni somo zima lina fomula zake! Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Nimetamani kusoma vibaya mno. Ila nikirudi asubuhi nikaziona zile mbao nje najiona mbinafsi.

Nikasome au nitulie? Na nikisoma, wapi? Na nimwambieje mume wangu?

Supavaiza wa Buhongwa

*

Marahaba mwanangu, na pole na shifti.

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza kama mshauri, ya pili kwa sababu ya yule mzee wa chumba 112. Nimekuelewa hivi: umeiacha digrii njiani kwa kumuuguza baba, umejijenga kazini mpaka unawafundisha wanaokuzidi cheo, sasa bosi amekuwekea mlango mbele na kusema ufunguo wake ni digrii, na hela pekee ya kununulia ufunguo huo ndiyo hela ya bati. Na katikati ya yote umejikuta unapenda kusoma kwenyewe, siyo cheti tu. Hilo la mwisho umeliandika mwishoni kabisa kama vile linakuaibisha, mimi ningeanza nalo.

Ila ngoja kwanza nikuulize swali la uchokozi. Hicho kiti ulichoahidiwa, si kina mtu? Huyo kijana wa Dar ndiye meneja msaidizi. Ukimaliza chuo atakuwa ameenda wapi? Pengine atapandishwa, pengine ataondoka mwenyewe maana vijana wa hoteli hawakai sana, pengine bosi anataka kupanua hoteli awe na wawili. Sijui, na kwa barua yako naona na wewe hujui, kwa sababu hukumuuliza. Simwiti mama huyo mwongo, alichosema kuhusu mashirika kuomba CV ni kitu kinachotokea kweli, na mtu anayejitolea kulipa nusu ya ada ya mfanyakazi si wa kubeza. Lakini mpaka sasa ulichonacho ni maneno ya ofisini, wakati yeye kwako anataka maandishi ya miaka mitano. Huoni mzigo umeegemea upande mmoja?

Hiyo miaka mitano inaanza kuhesabiwa lini? Siku unayosaini au siku unayovaa joho? Hapo tofauti ni kubwa. Ukisoma miaka minne halafu mitano ndiyo ianze, umejifunga miaka tisa, utatoka una 42. Na hiyo nusu ya ada, ni nusu ya chuo chochote utakachochagua au kuna kiwango? Analipa moja kwa moja chuoni kila semista au unalipa wewe kwanza anakurudishia? Ukiondoka mwaka wa tatu unarudisha yote au iliyobaki tu? Hoteli ikiuzwa je? Akikuachisha yeye je? Na mshahara wa hicho cheo umeandikwa? Mwombe rasimu, uende nayo nyumbani ukaisome umekaa, umwoneshe mtu anayejua sheria za kazi, au kama ni mwanachama wa CHODAWU wapelekee, ndiyo chama cha watu wa mahoteli hicho. Ukienda kwa adabu bosi mwenye nia njema hatakasirika. Akikasirika kwa sababu umeomba kusoma unachosaini, basi na hilo ni jibu la aina yake.

Kuna kitu kingine cha kumwomba ambacho naona hukukifikiria, nacho ni muda. Hesabu zake ni hizi. Kwa mfumo wetu wa TCU, yani Tume ya Vyuo Vikuu, digrii ya miaka mitatu ni krediti 360, na krediti moja inahesabiwa kama saa 10 za kujifunza, ukijumlisha kusikiliza, kusoma, kuandika asaimenti na kujiandaa na mtihani. Kwa hiyo mwaka mmoja wa kasi kamili ni krediti 120, saa 1,200, ukigawa kwa wiki zote 52 bila likizo ni kama saa 23 kwa wiki. Ukienda nusu kasi ni kama 11 na nusu. Sasa wewe na shifti za usiku na watoto wawili, saa 23 kwa wiki utazitoa wapi? Kwenye usingizi, hakuna pengine. Kile kipande cha saa nane mpaka kumi na moja alfajiri kinaonekana kitamu kwa kusomea, lakini ndicho hichohicho cha kufunga hesabu za siku, na ukianza kusomea hapo kila siku kuna usiku 112 na 121 zitakupita na wewe. Kwa hiyo badala ya nusu ada tu, unaweza kumwomba bosi shifti za mchana kipindi cha mitihani, au siku moja kwa wiki isiyoguswa. Pengine kwake ni rahisi kuliko kutoa hela, na kwako ina thamani zaidi.

Na hapo ndipo miaka yako miwili ya zamani inapokuwa mali. Kama ile 2012 mpaka 2014 itahesabiwa yote, umebakiza kama saa 1,200. Kama haitahesabiwa hata kidogo, unaanza na 3,600. Kwa nusu kasi ya kwanza ni miaka miwili, ya pili ni sita. Yani ni maisha mawili tofauti kabisa, na umeniuliza usome au utulie kabla hujajua unaingia kwenye lipi! Nenda chuo chako cha zamani ukaombe transkripti, ile karatasi ya matokeo yako yote, pamoja na maelezo ya kila kozi uliyosoma, hayo maelezo watu huyasahau halafu chuo kipya kinashindwa kulinganisha. Vyuo vinavyotambulika vina utaratibu wa kuhamisha krediti, ila kila kimoja kina kikomo chake, na krediti za zamani sana zinaweza kukataliwa. Uliza mapema, na wakujibu kwa maandishi.

Sasa huyo wa WhatsApp. Mwanangu, nataka niwe makini hapa maana siyo kila chuo cha nje cha onlaini ni utapeli. Kuna vyuo vikuu vya kweli vinavyofundisha fani yako mtandaoni mwanzo mpaka mwisho, Florida International University ya Miami kwa mfano wanayo digrii ya hoteli ya namna hiyo. Na uzoefu wa kazi kuhesabiwa ni jambo lipo kweli duniani, hata huku TCU wana utaratibu wa kutambua ujuzi wa mtu aliojifunzia kazini. Lakini angalia vyuo vya kweli vinavyofanya. Digrii ya Marekani kwa kawaida ni krediti 120 (usizilinganishe na 360 zetu, ni kipimo kingine), unalipia kwa krediti, transkripti yako ya huku wanataka ilinganishwe kwanza na taasisi maalumu, na hata wakikubali ulichosoma zamani, mara nyingi angalau robo ya krediti lazima uzipatie kwao. Uzoefu wa kazi unaletewa ushahidi, unaandikiwa kurasa na kurasa, unapimwa. Sasa mtu anayekwambia hakuna mtihani, miezi 18, na bei inashuka dola elfu moja ukilipa kabla ya mwezi kuisha, hebu mwulize kitu kimoja tu: chuo chenu kimepewa ithibati na chombo gani katika nchi yenu? Akikupa jina, usiliamini, litafute mwenyewe, halafu uwaulize TCU kabla hujalipa hata senti, maana digrii ya nje ukija nayo huku ndio wanaoitambua au kuikataa. Ukiikumbatia isiyotambulika, yale mashirika yanayoomba CV ndiyo ya kwanza kuitilia shaka, na hela ya bati haipo.

Chuo Kikuu Huria alichokutajia rafiki yako ni kitu kingine. Kilianzishwa kwa sheria mwaka 1992 mahsusi kwa kufundisha watu kwa mbali, wengi wao wafanyakazi na wazazi kama wewe, na kituo cha mkoa kipo hapahapa Mwanza, unaweza kwenda kwa miguu yako ukauliza kama fani yako wanaifundisha mwaka huu na kama watakupokea na krediti zako. Ubaya wake nao nikwambie. Kusoma kwa mbali kuna upweke, hakuna mwalimu wa kukuuliza mbona hujaonekana, na uhuru wa kwenda polepole ndio unaowafanya watu waahirishe kozi moja, kisha mbili, kisha wanakuwa "nasoma" kwa miaka kumi. Asaimenti unafanya nyumbani lakini kwenye mitihani usitegemee kitanda chako, kuna kwenda kituoni kukaa na karatasi, na siku hiyo huenda wewe umepangiwa shifti. Usisahau na bando.

Kuna na njia ambayo hukuitaja, ya kuchukua kwanza kozi fupi mbili tatu zinazotambulika, za hesabu za hoteli au usimamizi wa mapato, uone mwili na nyumba vinahimilije. Ni rahisi, ila haitamridhisha bosi anayetaka neno digrii kwenye CV, na inaweza ikawa namna nzuri ya kujidanganya kwamba umeanza.

Nilitaka nikuulize jambo. Tuseme hakuna cheo. Bosi amebadili mawazo, kijana wa Dar anabaki hapo mpaka azeeke. Bado ungetaka kusoma? Sikuulizi kwa mtego. Ukijibu "hapana, mimi nataka mshahara unaolingana na kazi yangu", basi kuna mazungumzo ya mshahara unayoweza kuyafanya mwezi huu bila chuo chochote, maana miezi uliyoshikilia nafasi ya mtu kwa mshahara wako wa zamani ina thamani na hukuidai. Kuna na mahoteli mengine, nawe una miaka tisa mkononi. Ukijibu "ndiyo, ningesoma tu", basi chuo hakitakiwi kubebeshwa mzigo wa kukupa heshima kazini, kisome kwa ajili ya kile kicheko chini ya kaunta, na cheo kikija kije.

Na nikwambie, una vitu vya kuandika ambavyo mwanafunzi wa miaka 20 hana. Chukua daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Zamani mtu wa Geita alikuwa anahesabu foleni ya kivuko, akichelewa anatafuta pa kulala, sasa anavuka kilomita tatu kwa dakika chache. Wageni wako wa migodini wameongezeka au wanarudi kwao siku hiyohiyo? Wewe unaijua rejista ya hoteli yako kabla na baada. Au hao watalii wa usiku mmoja, kwa nini wasilale wa pili wakaenda Saanane, hifadhi ya taifa iliyo hapo usoni mwa mji? Mwalimu yeyote wa utalii akiletewa asaimenti ya namna hiyo atakaa vizuri kwenye kiti.

Tuje kwa mwenzio.

Umeandika kama vile hataki usome. Sina hakika. Soma tena alichosema: "mke nitamuona lini". Hayo si maneno ya mtu anayechukia shule, mimi nasikia mtu anayeona mke anaondoka kidogo kidogo, shifti kwanza, sasa na chuo. Na pengine, nasema pengine, kuna hofu asiyoitaja, kwamba ukiwa na digrii na cheo yeye na mikono yake ya grisi atabaki wapi kwako. Wanaume hawaisemi hiyo, wanaileta kwa njia ya bati. Ila na bati lenyewe ni la kweli! Mbao zikinyeshewa msimu mwingine zitapinda na mtanunua upya, hapo yuko sahihi kabisa na ningependa umwambie hivyo kabla hujamwambia lingine lolote.

Mnaweza kupaua kwanza Desemba, wewe ukaanza mwaka wa masomo unaofuata, katikati ukitafuta transkripti na rasimu ya bosi. Hatari yake unaijua, mwakani nayo huwa na mwakani yake, baada ya bati kuna milango, baada ya milango kuna choo. Mnaweza kugawa ile hela, upande mmoja wa nyumba na semista moja, ila mkigawa kidogo sana yote mawili yanaweza kusimama njiani. Au mkaiweka yote kwenye ada, na hapo usiende kama hajakubali kwa moyo, kwa sababu siku mvua inavuja na wewe uko kwenye mtihani, kunyamaza kwake kutakuwa kurefu kuliko huku. Vyovyote, kaeni mchana, siyo saa moja asubuhi umetoka shifti macho mekundu. Chukueni karatasi, andikeni hela inayoingia, bei ya bati leo, ada ya semista, saa zako za wiki. Mwache naye ashike kalamu. Kuhusu diskasheni, makundi mengi hukubali kukutana jumamosi mchana, mwambie unaweza kufanyia sebuleni spika ikiwa wazi, si kwa sababu anakulinda, ni ili aone ni watu wanaogombana kuhusu asaimenti. Yule kijana wa Dar anaweza kukusaidia sana, ana notsi zote na anakuheshimu, ila huyo mfanye rafiki wa familia kwanza, usimwanzishie simu za saa tano usiku.

Na mama mkwe jamani. Mmepanga wewe, bosi, mume na hata wakala wa WhatsApp, na mtu ambaye mpango mzima umekaa mgongoni kwake hajaulizwa. Kalea saba, amechoka. Lile neno lake la msomi linachoma, sawa, lakini huenda ni ombi limevaa kejeli. Kaa naye, mwulize anaweza usiku ngapi kwa wiki, na kwenye ile karatasi weka na chake, hata kama ni hela kidogo ya kumlipa binti wa kumsaidia kufua. Ukimpata yeye, mwanawe nusu umeshampata.

Neno "mbinafsi" uliloandika silikubali, ila sitabishana nalo hapa. Uliacha chuo kwa ajili ya baba, hukuacha kwa uvivu, na kutaka kurudi baada ya miaka yote hiyo si kumnyang'anya mtu. Wala ukiamua mwaka huu ni wa bati, hujashindwa. Nisingependa tu uamue kwa kukimbizwa na mtu yeyote, si bosi, si mume, si umri wako.

Transkripti, rasimu ya mkataba, karatasi ya hesabu na mwenzio. Ukishavipata hivyo vitatu niandikie tena, tutakuwa tunaongea habari nyingine kabisa. Hiyo punguzo ya mwisho wa mwezi iache ipite, tarehe mosi utaona anakupigia na nyingine.

Anti